Mita Mbili Ndani ya Kiini cha Seli

Walimu wangu, wanafunzi, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusikiliza habari za kitu kisichoonekana kwa macho, nawashukuru kwa kufika.

Naanza na hesabu, kwa sababu hesabu hii hutajwa kila panapozungumzwa DNA, molekuli inayobeba urithi, na mara nyingi huachwa njiani. Chukueni seli moja ya mwili wa binadamu yenye kiini. Ndani ya kiini mna kromosomu 46, na kila kromosomu, kabla seli haijaanza kunakili DNA yake, ni molekuli moja ndefu ya DNA isiyokatika kutoka ncha hadi ncha. Ukizinyoosha zote na kuziunganisha unapata takriban mita 2. Kiini chenyewe kina upana wa maikromita 6 hadi 10, na maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Akili haishiki vipimo vidogo namna hii, kwa hiyo tukuze kila kitu mara milioni moja. Kiini kinakuwa chumba chenye upana wa mita 10 hivi. DNA inakuwa kamba yenye unene wa milimita 2 na urefu wa kilomita 2,000. Kamba yote hiyo imo ndani ya chumba kimoja, katika vipande 46.

Hapo ndipo wengi huishia, wakistaajabu kwamba imeenea. Mimi naomba tuongeze hatua moja. Unene wa DNA ni nanomita 2. Ukizidisha eneo la mkato wake kwa urefu wa mita 2, ujazo wote unakuwa kama maikromita 6 za ujazo. Kiini chenye upana wa maikromita 10 kina zaidi ya maikromita 500 za ujazo. Maana yake DNA inachukua kama asilimia 1 tu ya nafasi iliyopo. Hata kiini kikiwa kidogo, cha maikromita 6, bado haifiki asilimia 6. Nafasi ipo, tena tele.

Basi kama nafasi ipo, kwa nini seli inagharimika kutengeneza protini za kuifunga DNA, protini ambazo uzito wake unakaribia kulingana na uzito wa DNA yenyewe? Swali hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Nitakayoyasema yote yanaelekea kwenye jambo moja: ufungaji wa DNA ni sehemu ya usomaji wake. Seli ya ini na seli ya ubongo za mtu mmoja zina DNA ileile, herufi kwa herufi; herufi hizo ni vijenzi vya DNA, nitavitaja punde. Kinachozitofautisha, kwa kiasi kikubwa sana, ni sehemu zipi zimeachwa wazi na zipi zimefungwa. Anayejifunza mpangilio wa herufi bila kujifunza jinsi uzi ulivyokunjwa amepata nusu ya somo.

Kwanza molekuli yenyewe. Mwaka 1869 Friedrich Miescher, daktari kijana kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya utafiti Tübingen, Ujerumani, alikusanya bendeji zilizolowa usaha kutoka hospitalini. Usaha umejaa seli nyeupe za damu, naye alitaka kujua viini vyake vimeundwa kwa nini. Akapata kitu chenye fosforasi nyingi, ambacho hakikumeng'enywa na kimeng'enya kinachomeng'enya protini. Akakiita nukleini. Leo tunakiita DNA. Kwa miaka mingi baadaye wataalamu waliona kwamba kitu chenye aina nne tu za herufi hakiwezi kubeba urithi. Protini, ambazo vijenzi vyake ni aina 20 za asidi amino, ndizo zilizoonekana kustahili kazi hiyo. Mwaka 1944 Oswald Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty, huko New York, walionyesha kwamba ukichukua DNA ya bakteria wa nimonia walio hatari na kuwapa bakteria wasio na madhara, hawa nao wanageuka kuwa hatari, wao na vizazi vyao. Ushahidi ulikuwa mezani. Ilichukua muda watu kuukubali.

DNA ina nyuzi mbili. Uti wa mgongo wa kila uzi ni sukari na fosfati zinazopokezana, mamilioni kwa mamilioni. Kwenye kila sukari imeshikamana besi moja kati ya nne: adenini, thaimini, guanini na sitosini, ambazo tumezoea kuziandika A, T, G na C. Fosfati ziko nje, besi zinaelekea ndani. A ya uzi mmoja hukabiliana na T ya uzi wa pili, na G hukabiliana na C. Adenini na guanini ni kubwa, zina pete mbili za atomi. Thaimini na sitosini ni ndogo, zina pete moja. Kwa kuwa kila jozi ina kubwa moja na ndogo moja, upana wa molekuli haubadiliki popote, hata herufi zipangwe vipi. Sifa hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika: inaruhusu ujumbe wowote kuandikwa bila umbo kuharibika.

A na T hushikana kwa vifungo viwili vya haidrojeni, G na C kwa vitatu. Shuleni tunafundishwa kwamba vifungo hivyo ndivyo vinavyoshikilia nyuzi pamoja. Ni kweli, lakini sehemu kubwa ya uimara hutoka kwingine: besi ni bapa na hazipendi maji, kwa hiyo hulaliana moja juu ya nyingine na kuyafukuza maji katikati yao. Kutoka jozi moja hadi inayofuata ni nanomita 0.34, na nyuzi hukamilisha mzunguko mmoja kila baada ya jozi 10 na nusu hivi. Msokoto ni wa kulia: ukiufuata kwa kwenda mbele, unazunguka kwa mwelekeo wa akrabu za saa. Nalitaja hili kwa sababu michoro mingi ya DNA katika matangazo na majalada imesokotwa upande usio wake, nami kila niionapo nasikitika. Nyuzi mbili hizo pia zinaelekea pande zinazopingana, mwanzo wa mmoja ukiwa mwisho wa mwenzake.

Umbo hilo tunalijua tangu 1953, na watu huwataja James Watson na Francis Crick. Wanastahili kutajwa. Lakini walisimama juu ya vipimo vya wengine. Erwin Chargaff alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba katika DNA ya kiumbe chochote kiasi cha A hulingana na cha T, na cha G hulingana na cha C. Kwa binadamu ni karibu asilimia 30 kwa 30, na 20 kwa 20. Na huko King's College London, Rosalind Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling walipata mwaka 1952 picha ya eksirei iliyoonyesha msalaba dhahiri, alama ya kitu kilichosokotwa. Picha hiyo Watson alionyeshwa na Maurice Wilkins bila Franklin kujua. Vipimo vya Franklin ndivyo vilivyoonyesha kwamba fosfati ziko nje, na ulinganifu wa fuwele alioupima ndio uliomwambia Crick kwamba nyuzi zinaelekea pande zinazopingana. Makala zote tatu, ya Watson na Crick, ya Wilkins na wenzake, na ya Franklin na Gosling, zilitoka katika toleo moja la jarida la Nature, tarehe 25 Aprili 1953. Franklin alifariki 1958 akiwa na miaka 37. Tuzo ya Nobel ilitolewa 1962 kwa wanaume watatu. Mimi nasema haki ya Franklin si kutajwa kama aliyepiga picha tu. Alikuwa mmoja wa waliolipata umbo hili.

Sasa litazameni umbo hilo kwa jicho la seli inayotakiwa kuishi nalo kila siku.

Kila fosfati ina chaji hasi. Seli ya binadamu ina jozi za herufi bilioni 6 na zaidi, na kila jozi ina fosfati mbili. Hizo ni chaji hasi zaidi ya bilioni 12 ndani ya kiini kimoja, zote zikisukumana. Halafu DNA ni ngumu kupinda: kwa urefu wa nanomita 50 hivi, ambao ni kama jozi 150, hukaa karibu imenyooka. Kwa sababu hizo kromosomu moja ya wastani ikiachwa uchi majini ingetapakaa makumi ya maikromita. Ujazo wake ni mdogo, ndiyo, lakini isingetulia ndani ya kiini hata ikiwa peke yake, sembuse zikiwa 46. Ongezeni kwamba nyuzi mbili zimezungukana karibu mara milioni 600, na haziwezi kutenganishwa bila kusokotolewa. Na herufi zimeelekea ndani. Protini inayotaka kuzisoma bila kufungua nyuzi lazima ipapase kingo za besi kupitia mifereji miwili inayozunguka molekuli, mmoja mpana na mmoja mwembamba.

Jibu la seli kwa mambo hayo linaitwa histoni. Albrecht Kossel alizipata mwaka 1884 katika chembe nyekundu za damu za bata bukini, ambazo, tofauti na zetu, zina viini. Histoni ni protini ndogo zilizojaa asidi amino mbili zenye chaji chanya, lisini na ajinini. Chanya inakumbatia hasi, na msukumano unapungua. Kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa vijazio tu, vitu vya kushika DNA isitawanyike. Hakuna aliyefikiri zina mpangilio maalumu.

Mwaka 1974 fikra hiyo ilivunjika. Ada na Donald Olins walichapisha picha za hadubini ya elektroni zilizoonyesha vifundo vya mviringo vimepangwa kwenye uzi mwembamba, na mwaka huohuo Roger Kornberg, akiwa Cambridge, alieleza vifundo hivyo ni nini. Kila kifundo ni histoni nane: H2A, H2B, H3 na H4, mbili mbili za kila aina. DNA huzunguka kundi hilo kwa nje. Kifundo hicho kinaitwa nukleosomu. Mwaka 1997 Karolin Luger, Timothy Richmond na wenzao huko Zürich waliionyesha kwa usahihi unaokaribia atomi moja moja. Jozi 147 za DNA zinazunguka kundi hilo la histoni mara 1 na theluthi mbili hivi, kwa mwelekeo wa kushoto, na kulishika mahali 14, kila mara mfereji mwembamba unapogeukia ndani. Kumbukeni nimesema jozi 150 za DNA hutaka kunyooka. Hapa zinapindwa karibu mizunguko miwili kamili. Nguvu ya kuzipinda inatokana na mashiko hayo 14, kila moja likiwa dhaifu likiwa peke yake.

Naipenda sana nukleosomu, na nawaambia kwa nini. Linganisheni histoni H4 ya njegere na H4 ya ng'ombe. Ina asidi amino 102. Kati ya hizo, mbili tu ndizo zinazotofautiana. Mmea na mnyama walioachana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita bado wanaifunga DNA yao kwa protini ileile, karibu neno kwa neno. Ni protini chache mno zimeganda hivyo. Hali hii inatuambia kwamba karibu kila badiliko lililojaribiwa katika muda wote huo liliua au lilidhuru.

Kati ya nukleosomu moja na nyingine mna DNA ya kuunganisha, kwa kawaida jozi 20 hadi 80, na histoni ya tano, H1, hukaa pale DNA inapoingia na kutoka. Kwa hesabu ya nukleosomu moja katika kila jozi 200, kiini kimoja cha seli yako kina nukleosomu zipatazo milioni 30. Urefu wa DNA unapungua mara kadhaa tu kwa hatua hii. Walioisoma nukleosomu kama kifaa cha kupunguza urefu wanavunjika moyo hapa, maana seli imetumia protini tele kwa faida ndogo. Ila mwaka 1987 Yahli Lorch, akifanya kazi na Kornberg, alionyesha kwamba nukleosomu ikikaa juu ya mwanzo wa jeni, yaani kipande cha DNA chenye maagizo ya kutengeneza protini, usomaji wa jeni hiyo hauanzi. Kitu tulichodhani ni cha kupunguzia nafasi kilikuwa kinaamua nini kisomwe. Tangu hapo nukleosomu haikutazamwa tena kama mzigo wa kubebea.

Kila histoni ina mkia, kipande laini kinachotokeza nje kupita kingo za DNA. Mikia hiyo huwekewa alama za kikemikali. Vincent Allfrey alipendekeza mwaka 1964 kwamba kuongezwa kwa asetili, kundi dogo la atomi, kunahusiana na jeni kusomwa. Asetili hufuta chaji chanya ya lisini, mshiko unalegea. Mwaka 1996 maabara ya David Allis ilitambua kwamba kimeng'enya kinachoweka asetili kwenye histoni ni jamaa wa protini iliyokuwa imekwisha kujulikana katika hamira kuwa inawasha jeni, na hapo mambo mawili yaliyokuwa yakichunguzwa mbalimbali yakawa kitu kimoja. Kuna vimeng'enya vya kuweka, vya kuondoa, na protini za kusoma alama hizo. Kuna alama za methili pia, ambazo maana yake hutegemea zimewekwa kwenye asidi amino ya ngapi: methili tatu kwenye lisini ya 4 ya H3 hukutwa kwenye mianzo ya jeni zinazosomwa, na methili tatu kwenye lisini ya 27 hukutwa pale jeni zilipozimwa. Hili limefika hospitalini. Vorinostat, dawa inayozuia vimeng'enya vinavyoondoa asetili, iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kutibu aina ya saratani ya damu inayojitokeza kwenye ngozi.

Juu ya nukleosomu mambo yanakuwaje? Hapa nina neno na walimu. Vitabu vingi vinachora nukleosomu zikijipanga katika uzi mnene wa nanomita 30, uzi huo ukijikunja katika mnene zaidi, na kuendelea ngazi kwa ngazi hadi kromosomu. Mchoro ni mzuri kwa macho. Uzi wa nanomita 30 unapatikana kwenye chupa ya maabara. Ndani ya seli hai za binadamu, walioutafuta kwa makini hawakuuona. Mwaka 2017 kundi la Clodagh O'Shea lilipaka DNA rangi inayoonekana kwa hadubini ya elektroni ikiwa mahali pake ndani ya kiini, na likakuta minyororo yenye unene wa kati ya nanomita 5 na 24, isiyo na mpangilio mmoja, inayopinda huku na kule, ikisongamana zaidi mahali fulani na kulegea mahali pengine. Nawaomba tuache kuwafundisha watoto mchoro wa ngazi kana kwamba umethibitishwa.

Badala ya ngazi tumepata vitanzi. Kuna protini yenye umbo la pete, kohesini, ambayo hukamata DNA na kuanza kuivuta kupitia ndani yake, kitanzi kikizidi kukua, mpaka ikutane na protini nyingine, CTCF, iliyokaa mahali maalumu na kugeukia upande maalumu. Hapo inasimama. Ndugu yake, kondensini, alionekana moja kwa moja mwaka 2018 kwenye hadubini akivuta kitanzi cha DNA, hadi jozi 1,500 kwa sekunde moja. Kohesini ilionekana ikifanya vivyo hivyo mwaka uliofuata. Kabla ya hapo tulikuwa na mbinu ya Job Dekker, iliyochapishwa 2002 na kupanuliwa 2009 ili kupima jenomu nzima, yaani DNA yote ya seli, kwa mpigo, inayoonyesha vipande vipi vya DNA hukaribiana ndani ya kiini hata kama viko mbali kwenye uzi. Ramani zilizotoka zilionyesha mitaa: maeneo ambamo DNA hugusana yenyewe kwa yenyewe zaidi kuliko na majirani.

Kwa nini vitanzi vina uzito? Kwa sababu jeni nyingi huwashwa na kipande cha DNA kilicho mbali, pengine mamia ya maelfu ya herufi kutoka kwenye jeni yenyewe. Kwenye karatasi ni mbali. Ndani ya kitanzi wanakutana. Ukihamisha mpaka wa kitanzi, swichi ya jeni moja inaweza kuwasha jeni ya jirani. Watoto wenye ugonjwa wa Cornelia de Lange, ambao huzaliwa na tofauti katika viungo, ukuaji na akili, wengi wao wana badiliko katika jeni inayoiwezesha kohesini kushika DNA. Jeni zao za kuunda mikono hazina kasoro. Kilichopungua ni vitanzi.

Kuna pia suala la mahali. Kila kromosomu ina eneo lake ndani ya kiini, hazichanganyiki ovyo. Sehemu zilizofungwa sana, ambazo Emil Heitz alizitambua mwaka 1928 kwa sababu zilibaki zimekolea rangi, mara nyingi hukaa pembeni, zikigusana na wavu wa protini za lamini ulio chini ya utando wa kiini. Zinazosomwa sana huelekea ndani. Lakini tazameni wanyama wa usiku. Katika seli za macho ya panya zinazopokea mwanga hafifu, mpangilio umegeuzwa kabisa: DNA iliyofungwa imekusanywa katikati, iliyo wazi imezunguka nje. Irina Solovei na wenzake waliripoti hilo mwaka 2009, wakaonyesha kwamba kiini kilichopangwa hivyo hufanya kazi ya lenzi na kuupitisha mwanga vizuri zaidi. DNA inafanya kazi isiyohusiana na herufi zake hata kidogo! Kila nikilifikiria hilo nashangaa upya.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kufungwa kwa maana ya kuzimwa ni kromosomu X. Mwaka 1949 Murray Barr na Ewart Bertram waliona doa jeusi katika viini vya seli za neva za paka jike, lisilokuwepo kwa dume. Mwaka 1961 Mary Lyon alipendekeza kwamba jike mwenye X mbili huzima moja katika kila seli, mapema akiwa bado kiinitete, na seli zote zitokazo humo hufuata uamuzi huohuo. Doa la Barr ni hiyo X iliyozimwa, imefungwa ikawa kifundo. Ndiyo sababu paka wenye mabaka ya rangi ya chungwa na nyeusi karibu wote ni majike: jeni ya rangi ya chungwa iko kwenye X, na kila baka linaonyesha ni X ipi iliyobaki wazi katika seli hizo. Herufi ziko zilezile kila mahali kwenye ngozi ya mnyama huyo.

Nisipite bila kutaja tatizo la kusokotoka, maana linagusa dawa. Seli inaponakili DNA, au hata inaposoma jeni tu, inatenganisha nyuzi, na mbele yake msokoto unazidi kubana. Bakteria hunakili kama jozi 1,000 kwa sekunde, ambayo ni mizunguko karibu 100 kila sekunde inayopaswa kufunguliwa. Mwaka 1971 James Wang alieleza kimeng'enya cha kwanza cha aina inayoitwa topoisomerasi: hukata uzi, huacha msokoto ulegee, kisha huunga palepale. Aina nyingine hukata nyuzi zote mbili, hupitisha DNA nyingine katikati ya pengo, na kuziba. Bila hizo hakuna seli inayoweza kugawanyika. Dawa ya ciprofloxacin huua bakteria kwa kuinasa topoisomerasi yao ikiwa imekwisha kukata na kabla haijaunga, na dawa ya etoposide hufanya hivyo kwenye seli za saratani.

Na seli inapogawanyika, hapo ndipo urefu unakuwa suala kweli. Kromosomu namba 1 ina jozi karibu milioni 249, urefu wa sentimita 8 na nusu, na nakala zake mbili lazima zitenganishwe bila fundo wala mkatiko. Kondensini hukusanya vitanzi ndani ya vitanzi, na kromosomu inafupika hadi maikromita 10 hivi, yaani mara elfu kadhaa. Usomaji wa jeni karibu wote unasimama. Kazi ikiisha, kila kiini kipya hulegeza tena, na seli ya ini huamka ikiwa ya ini.

Ufungaji ukiharibika, herufi nzuri hazisaidii. Mwaka 2003 iligunduliwa kwamba projeria, ugonjwa unaowazeesha watoto kwa kasi na kuwaua wengi katika miaka ya utineja, hutokana na herufi moja iliyobadilika katika jeni ya lamini A. Kiini kinapoteza umbo, na DNA iliyopaswa kukaa imefungwa pembeni inalegea. Dawa ya lonafarnib iliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Inarefusha maisha yao, haiponyi.

Mfano wa pili ni mzito zaidi kwangu. Mwaka 2012 timu mbili ziliripoti kwamba uvimbe hatari wa shina la ubongo kwa watoto, mara nyingi, una badiliko katika jeni ya histoni H3: lisini ya 27, ileile niliyoitaja, imegeuka kuwa methionini. Binadamu ana jeni zaidi ya 10 za H3, na iliyoharibika ni moja, tena nakala moja. Inatosha. Histoni hiyo yenye kasoro hukikwamisha kimeng'enya kinachoweka methili, na alama ya kufunga hupungua katika kiini kizima, hata kwenye histoni zisizo na kosa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliingiza badiliko hilo katika jina rasmi la uvimbe huo, na sasa daktari anayechunguza kipande cha uvimbe hupima H3 kabla ya kuandika jina la ugonjwa.

Nakaribisha maswali.